Safu ya Nne, Karibu na Boriti

Belle Rive, Louisiana
Februari 4

Bibi mpendwa,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, hata padri. Sijawahi kumwona Brynn Halvorsen, wa timu ya jimnastiki ya chuo, akiwa juu ya boriti. Miaka minane nimekaa kando yako safu ya nne, hatua chache tu kutoka kwenye boriti yenyewe, na kila msichana anaposhika ncha yake ili apande, mimi nafumba macho. Nafumbua nikisikia miguu imetua kwenye godoro.

Najua ilianza lini. Nilikuwa na miaka kumi, siku ile msichana wa timu ya wageni alipoteleza akijipindua kinyumenyume, akapiga mbavu kwenye boriti kabla ya kufika chini. Ulinifunika macho kwa mkono wako. Baadaye uliutoa mkono, lakini mimi sikufumbua. Vyuma naangalia. Kuruka meza naangalia. Wakicheza kwenye zulia naangalia mpaka mabega yangu yanacheza nao. Boriti tu.

Kwa hiyo zile barua tatu nilizokuandikia Januari, tangu uanguke na kupelekwa huko kwenye kituo cha tiba, zina uongo. Alama ni za kweli, zilikuwa ubaoni. Lakini niliposema Brynn aliinua mguu taratibu kama mtu anayepita chumba alimolala mtoto, hilo nililitunga. Na niliposema kisigino chake cha kushoto kilitikisika, nililisikia kwa Bwana Percy wa nyuma yetu. Unajua anavyonung'unika makosa kabla waamuzi hawajaandika. Yeye ananung'unika, mimi nakariri, nikifika nyumbani nakuandikia.

Ningeendelea hivyo mpaka msimu uishe. Lakini sasa unataka nitoke badala yako tarehe 10 Machi, Siku ya Wanaomaliza chuo. Miaka minne umekuwa rafiki wa siri wa Brynn. Umemwachia kashata zako za njugu za pecan kwenye sanduku lenye namba yake, bila jina, kama Marafiki wa Korongo, chama cha mashabiki wa timu, wanavyotaka, naye hajui ni nani anayemlisha. Siku ya kujulikana imefika na wewe una nyonga iliyovunjika. Unataka nitembee mpaka katikati ya ukumbi mbele ya watu elfu tisa, nimpe kashata, kisha nimwambie sikioni jambo moja nililomwona akifanya mwaka huu. Kila rafiki wa siri husema jambo moja aliloliona. Ndiyo desturi, na wewe umeniambia liwe la boriti kwa sababu boriti ndiyo yake.

Niseme nini, Bibi? Nimtajie alama zake? Anazijua.

Unajua nilivyo. Nimemaliza shule Desemba, miezi mitano kabla ya wenzangu, na sababu mojawapo ni kwamba Mei ningelazimika kupanda jukwaani kupokea cheti. Kama unaona Shangazi Colette anafaa, mtume yeye. Sitakasirika.

Tafadhali usimwambie mtu.

Mjukuu wako,
Noemie


Shreveport
Februari 9

Mjukuu wangu Noemie,

Barua yako na soksi vimefika leo. Soksi ni nzuri. Barua nimeisikia yote.

Colette hatoki. Colette anaiita boriti "ile benchi". Siwezi kumpelekea Brynn mtu anayeita boriti benchi.

Kuhusu uongo, nilikaa na babu yako miaka thelathini na nane akiniambia anakwenda kuvua, kumbe analala ndani ya gari kando ya maji. Wa kwako ni mdogo na umeandikwa vizuri. Ile sentensi ya mtoto aliyelala ilipendwa sana hapa. Kinachoniuma ni kitu kingine. Miaka minane, na mimi nimekushika mkono. Kwa nini hukuniambia?

Sasa sikiliza. Hakuna aliyesema ufumbue yote mawili siku moja. Una shindano moja nyumbani tarehe 23. Anza na jicho moja. Anza na msichana ambaye humpendi sana, ili akiyumba usiumie.

Kashata utapika wewe. Povu likiwa zito, zima moto hapohapo, usiende kuchungulia simu. Hapa uji wa mahindi hauna chumvi wala siagi, na ukiomba chumvi wanaandika jina lako mahali. Natembea na kile kifaa cha miguu minne mpaka dirishani na kurudi.

Niambie kwenye shindano la Ijumaa iliyopita walivaa nguo gani, ya kijani au ile nyeupe yenye manyoya ya kumetameta mabegani?

Bibi yako,
Leontine


Belle Rive
Februari 24

Bibi mpendwa,

Nilijaribu. Nilimchagua Tegan wa mwaka wa kwanza, ambaye sina neno naye, ila hatafuni bazoka akiwa amefunga mdomo. Nilifumbua jicho la kulia. Nilimwona akipanda, akisimama, akinyanyua mikono. Alipogeuka kutupa mgongo, jicho likajifunga lenyewe.

Brynn alikuwa wa sita, wa mwisho kama kawaida. Nilimwona tangu alipoitwa mpaka aliposhika boriti. Ana plasta nyeupe mguu wa kushoto. Kabla ya kupanda alifuta unyayo wa kulia kwenye shavu la mguu wa pili, mara mbili, kama mtu anayetaka kuingia nyumba ya watu. Hilo nimeliona kwa jicho langu, Bibi, sikulitunga. Kisha nikafumba. Alipata 9.9 kati ya 10.

Halafu Bwana Percy akaniinamia kutoka nyuma.

"Usiache, mwanangu," akasema.

"Nisiache nini?"

"Kuomba. Safu nzima tunajua. Tangu Januari boriti ikianza tu wewe unafumba macho, midomo imekaza. Na tangu Januari hakuna hata mmoja wetu aliyeanguka. Wamepanda mara ishirini na nne. Nimeandika."

"Mimi siombi, Bwana Percy."

"Ndivyo wanavyosema wanaoomba kweli."

Mama mmoja wa safu ya tano akapitisha pakiti ya bisi juu ya vichwa vya watu, akasema, "Mpeni mtoto wa dua." Nilichukua kwa sababu sikujua namna ya kukataa. Kisha Bwana Percy akashusha sauti.

"Nimeliona jicho lako lilivyofunguka kwa Tegan. Uliona alivyoyumba? Sikulaumu. Ila tarehe 10 tafadhali yafumbe yote mawili. Ni siku ya mwisho ya Brynn nyumbani, na mwaka huu hajaanguka hata mara moja."

Kwa hiyo sasa nimekuwa na matatizo mawili. Nikifumba, nitakwenda kumwambia Brynn uongo sikioni. Nikifumbua na akaanguka, nitakuwa nimemwangusha mimi. Najua boriti haijui macho ya nani yako wazi. Najua hivyo vizuri asubuhi nikiwa kazini, nanyunyizia sukari ya rangi kwenye keki. Nikikaa kile kiti sijui tena.

Umeuliza nguo. Ilikuwa nyeupe, ila nilikutumia picha ya gazeti ndani ya barua yangu ya Februari 4. Hukuiona? Na mwandiko wako umebadilika, umenyooka kama wa mwalimu. Bibi, uko sawa?

Noemie


Shreveport
Machi 1

Kwa Binti Noemie,

Hunijui. Naitwa Verna Hulin, wa kitanda cha dirishani, chumba kimoja na bibi yako. Nilikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na moja, kwa hiyo mwandiko uliousifu ni wangu. Bibi yako yuko kwenye mazoezi ya nyonga mpaka saa kumi. Nina saa moja.

Umeuliza kama yuko sawa, na jana alitaka nikuandikie kwamba miwani imepotea. Nimeandika mambo mengi ya watu katika maisha yangu, lakini hilo mkono umekataa. Bibi yako haoni, binti. Pembeni anaona kidogo, katikati kuna ukungu mzito. Ni miaka miwili sasa. Lile gari alilowaambia limeharibika halikuharibika, aliacha kuliendesha. Hakumwambia mtu kwa sababu alijua mngempangia maisha, na kitu cha kwanza kuondoka kingekuwa tiketi zake za msimu.

Nami nina la kuungama. Barua zako simsomei kimyakimya. Saa tisa, baada ya kahawa, mlango uko wazi, na wenzetu wa korido huja na viti vyao vya magurudumu. Wiki iliyopita walikuwa wanane. Bwana wa chumba cha nne, ambaye maishani hajawahi kuangalia mchezo huu, ameuliza kama huyo Brynn anakula vizuri akiwa mbali na kwao Minnesota. Siri yako ya Februari ilikuwa imeshasomwa kwa sauti nilipofika kwenye "usimwambie mtu". Mtu anayetaka siri itunzwe aiombe mwanzoni. Hilo nakwambia kama karani.

Nisamehe.

Verna Hulin


Shreveport
Machi 3

Noemie,

Verna amekiri. Siku nzima sikusema naye, halafu chakula cha jioni kikawa samaki wa kuchemsha, nikahitaji mtu wa kumlalamikia.

Aliyokwambia ni kweli. Sasa na mimi nikwambie lililobaki, ambalo yeye halijui ingawa ndiye anayeliandika.

Miaka miwili nimeangalia boriti kwa mkono wako. Ukinibana, najua anajipindua kinyumenyume. Ukinibana mpaka mifupa inalia, najua ni hatari. Ukilegeza, najua ametua, nami napiga makofi pamoja na watu. Nilikuwa najiambia, huyu mtoto ameshagundua bibi yake haoni, ila ana adabu, hataki kuniaibisha, kwa hiyo ananisimulia kwa vidole. Nilijivunia sana. Kumbe umefumba macho, umeshikwa na hofu, na mimi nimekaa pale nasoma hofu yako kana kwamba ni habari.

Verna ameweka kalamu chini anacheka. Andika, Verna.

Watu husubiri miaka kumi kupata viti vile. Mimi na wewe tumekaa pale misimu miwili mizima, na kati yetu hakuna hata mmoja aliyeona kitu.

Mwanzo nilikuamuru utoke. Sasa nakuomba. Mwaka wa kwanza nilimwona Brynn kwa macho yangu. Alikuwa na magoti magumu, anatembea juu ya boriti kama mtu anayehesabu ngazi gizani. Wanasema amekuwa mwingine. Sijui amekuwaje, na sitamwona tena, anamaliza. Nataka mtu mmoja wa nyumba yangu amwone, mara moja tu. Ukishindwa ukafumba, mpe kashata, sema asante, rudi ukakae. Nitakupenda vilevile.

Na Percy asikutishe. Percy huvaa soksi zilezile kila shindano tangu mwaka 1998, na miaka hiyo yote tumeshindwa mara nyingi tu.

Bibi yako


Belle Rive
Machi 11

Bibi mpendwa, na Bi Verna unayesoma,

Nilikaa kwenye kiti chako, juu ya mto wako wa kijani. Bwana Percy alifika na zile soksi. Alinigusa bega akasema, "Leo yafumbe vizuri, mwanangu." Mama wa bisi alikuwa amekuja na dada yake, akaninyooshea kidole kumwonyesha.

Wasichana watano wa kwanza niliwafumbia wote. Sikutaka kuanza kidogokidogo tena. Nilijiambia kama nina ujasiri wowote basi ni wa mtu mmoja tu. Wote watano walibaki juu, na nikasikia safu nzima ikipumua nyuma yangu kila mmoja alipotua.

Kisha wakamwita Brynn. Alifuta unyayo kwenye shavu la mguu, mara mbili. Akashika boriti. Nikaushika mto wako kwa mikono yote miwili, nikaacha macho wazi.

Boriti ni nyembamba, Bibi. Nilikuwa nimesahau. Wanasema ni sentimita kumi; nimekuja kupima nyumbani kwa rula, ni upana wa kiganja changu bila kidole gumba. Na yeye hatembei kama mtu anayehesabu ngazi gizani. Anatembea kama wewe jikoni kwako, hahitaji kuangalia chini. Nilianza hata kufurahi.

Halafu akajipindua kinyumenyume. Mikono ikagusa boriti, mguu wa kwanza ukafika, wa pili ukafika nusu. Nusu nyingine ilikuwa hewani. Mwili wote ukaegemea upande wetu. Mguu mmoja ukapanda juu, mikono ikaenda huku na huku, akakunjika kiunoni, na uso wake ukanielekea mimi. Nyuma yangu Bwana Percy alisema "Aa-aa-aa," polepole, kama mtu anayeona chungu kinadondoka. Kope zangu zilishuka. Niliona nyuzi za kope zenyewe, na katikati yao Brynn bado yumo, bado hajaanguka. Nikazipandisha tena.

Alikuwa ameshikilia boriti kwa vidole vya miguu, vimekunjika mpaka vimekuwa vyeupe. Hakufanya haraka. Alirudi kidogo, akasimama, akarudi kidogo tena, mpaka kiuno kikanyooka na mguu ukashuka mahali pake. Akapumua kwa mdomo. Kisha akaendelea na yaliyobaki kana kwamba alikuwa amesimama tu kumpisha mtu. Alivyoruka kutoka, alitua akaganda pale kwenye godoro, hata unywele haukutikisika.

Wakampa 9.525.

"Hiyo tunaitupa," akasema Bwana Percy, akaandika. Wanapanda sita, zinahesabiwa tano, na ya kwake ndiyo iliyokuwa ya chini. Siku yake ya mwisho nyumbani, na alama yake haikuhesabiwa. Kisha akaniinamia. "Mwanangu, ulifumba?"

Nikamwambia, "Bwana Percy, wa zulia wanaanza."

Tulishinda, kwenye zulia, kwa kidogo sana. Nafikiri mmeshasikia.

Sasa kutembea. Wanaomaliza walikuwa watatu, nami niliitwa wa pili. Mtangazaji alitaja jina lako na kusema nimekuja kwa niaba yako, na nyuma yangu safu ya nne wakapiga miguu chini. Sikumbuki miguu yangu mwenyewe. Nakumbuka zulia ni laini kuliko linavyoonekana, na kwamba Brynn ni mfupi kuliko mimi.

"Ni wewe?" akauliza. "Miaka yote nilidhani ni mzee."

"Ni mzee. Ni bibi yangu, amevunjika nyonga. Nimekuja badala yake."

Alifungua mkebe palepale, akatia kashata mdomoni, vidole vimejaa chaki. Akatafuna akiniangalia.

"Hizi ni tofauti. Zimeungua kidogo."

"Nimezipika mimi."

"Nilijua," akasema, akachukua ya pili.

Ndipo nikainama sikioni kwake. Nilikuwa nimeandaa maneno ya ule unyayo na shavu la mguu, kwa sababu hayo nilikuwa na hakika nayo. Lakini nikamwambia, "Leo ulipokuwa unaanguka, nilikuwa nakuangalia. Ulikuwa umeshaanguka, halafu ukakataa."

Aliacha kutafuna. Nilidhani nimemuudhi. Watu walikuwa wanapiga makofi, mtangazaji anangoja niondoke.

"Hiyo ndiyo alama waliyoitupa," akasema.

"Najua."

"Basi mpelekee bibi yako, iwe yake."

Ndiyo hii, Bibi, nimekuletea. Nilikuwa nikidhani miaka yote hii nimekuwa nakwepa kuona watu wakianguka. Sikujua kwamba nilikuwa nakosa pia mambo kama haya. Haya hayaandikwi ubaoni, na Bwana Percy anayanung'unikia kama hasara. Mwakani ukirudi utakaa kiti chako, nami changu, na utanipa mkono kama zamani, ila nitakusimulia kwa mdomo. Nimeshafanya mazoezi. Mama ananisikia chumbani nikimsimulia paka akitembea juu ya kabati.

Limebaki jambo moja. Bwana Percy anakuja kukuona Alhamisi, na chungu cha mchuzi wa gumbo. Atauliza kama nilifumba macho. Ameshafanya hesabu zake: wamepanda mara thelathini tangu Januari, na hakuna aliyeanguka. Anasema Tegan na wenzake bado wana miaka mitatu ya kupanda boriti ile, na safu ya nne haiwezi kuwaacha hivihivi. Sitaki kumharibia. Akiuliza, mpeni kashata, muulizeni habari za soksi.

Bi Verna, sijasahau ulichosema, kwamba anayetaka siri itunzwe aiombe mwanzoni. Hii nimeiweka mwisho kwa makusudi, ili ukifika hapa wote mlioko mlangoni muwe mmeshasikia, pamoja na bwana wa chumba cha nne. Mwambieni kwamba Brynn anakula vizuri. Na tafadhali, wote, msimwambie mtu.

Wenu,
Noemie